Reli na Ufundi wa Mtunzi wa Kamusi

Katika kazi zote za lugha, utunzi wa kamusi husifiwa kwa nadra, kwa kuwa msomaji hufungua kitabu, huchukua maana aliyoitafuta na kukifunga bila kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba maana hiyo iwe ya kwanza na si ya tatu, au kwamba neno alilolikuta ni moja na si mawili yaliyofanana kwa bahati. Uamuzi huo wa pili ndio kipimo cha ufundi wenyewe. Wanaisimu huita homonimia hali ya maneno yenye asili mbalimbali kukutana katika umbo moja, na huita polisemia hali ya neno moja kuzaa maana kadhaa zenye udugu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na kuchapishwa mwaka 1981, hutenganisha kwa tarakimu ndogo vidahizo vya namna ya kwanza, yaani maneno yanayoorodheshwa ili yafafanuliwe, ndiyo maana paa wa porini, paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki magamba havichanganywi humo, ijapokuwa sikio huvisikia sawa.

Neno la Kiingereza "rail", ambalo Kiswahili kimelifanya reli, huonyesha vizuri ugumu wa kazi hiyo. Chini ya herufi zake nne wamelala watu wasiojuana. Yupo ndege wa vinamasini, mwembamba wa kiwiliwili, ambaye jina lake limetoka katika Kifaransa cha kale na huhusishwa na sauti yake ya kukwaruza. Kipo kitenzi chenye maana ya kulaumu kwa maneno makali, kilichotokana na neno la Kifaransa la kukejeli. Lilikuwapo pia vazi, lililorithiwa kutoka Kiingereza cha kale kabisa, ambalo leo hukutwa vitabuni tu. Mwisho ndio ufito, uliofika Uingereza kwa njia ya Kifaransa kutoka neno la Kilatini "regula", yaani kijiti kilichonyooka cha kupimia. Ufito huo kwanza ulikuwa wa ua na wa ngazi, ukawa wa mbao ambazo juu yake vigari vya migodini vilisukumwa, ndipo ukawa wa chuma. Mtunzi aliye hodari huwagawa wanne hao bila huruma, lakini mabadiliko ya ufito kutoka ua hadi chuma huyaacha chini ya kidahizo kimoja, kwa sababu kila hatua yaonekana imetoka katika iliyotangulia. Kutoka "regula" hiyohiyo, kwa tawi jingine, limekuja pia neno ambalo Kiswahili hulitamka rula, hivyo mwanafunzi wa Mikese anayevuka njia ya treni akiwa na rula mkobani amebeba ndugu wa kile anachokikanyaga.

Mikese, mji mdogo wenye stesheni mashariki ya Morogoro, ulifikiwa na reli iliyojengwa na watu ambao wenyewe hawakuiita reli. Wajerumani walianza ujenzi Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, nao walisema "Schiene" kwa chuma na "Eisenbahn" kwa njia nzima. Kiswahili, ambacho kilikopa kwao shule na kuitunza hadi leo, kiliyaacha maneno hayo mawili yapite na kuchukua la Waingereza. Kwa hiyo mtunzi anayetafuta asili ya neno hawezi kuridhika na historia ya kitu: aliyeleta chuma na aliyeleta jina la chuma wanaweza kuwa wageni wawili tofauti.

Wala si kila kilichohusu njia hiyo kilikopwa. Vipande vinavyolazwa kwa kukingama ili kubeba vyuma huitwa mataruma, na taruma ni neno la mafundi wa vyombo vya baharini, ubao wa kuimarisha chombo, ambalo Waswahili walilipandisha nchi kavu pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Hiyo ni polisemia safi, na pengine ni ya kupendeza kuliko mkopo wote wa reli. Kamusi inayotoa maana ya nchi kavu peke yake huwa imesema kweli, ila imelikata neno miguu.

Reli nayo imeendelea kuzaa. Mtu aliyeajiriwa na shirika la reli husema alifanya kazi reli, na mjadala uliopotea husemwa kuwa umetoka nje ya reli. Maana hizi zote zastahili tarakimu zake ndani ya kidahizo kilekile. Kigumu zaidi ni kilichozuka mwaka 2024, treni za umeme zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katika njia yenye upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya Wajerumani ina milimita 1,000. Serikali huiita reli ya kisasa, lakini abiria husema amepanda SGR, kifupisho cha Kiingereza cha "standard gauge railway", yaani reli ya upana sanifu, akimaanisha treni na wala si chuma. Je, herufi hizo tatu zipewe kidahizo chake, au ziingizwe chini ya reli? Upana wa njia ungetaka ziwe chini ya reli, ila abiria anayetamka SGR hafikirii upana wowote, na katika kamusi ya lugha abiria huyo ndiye shahidi mwenye uzito kuliko mhandisi.