Kuingiza, Kuagiza au Kuleta?

Mkusanyo mmoja wa istilahi za kompyuta uliopita mikononi mwangu hapa Nsemulwa umeweka neno "ingiza" mahali pawili: mtu anapoandika data kwa kibodi, na programu inapochukua fanksheni kutoka katika moduli nyingine. Mtungaji aliona kwamba yote mawili ni kutia kitu ndani. Sikubaliani naye, kwani hasara humwangukia mwanafunzi asomaye programu, hasa iliyoandikwa kwa mtindo wa fanksheni.

Katika mtindo huo, ambao lugha ya Haskell, iliyotangazwa mwaka 1990, ni mfano wake mashuhuri, mstari mmoja aghalabu huwa msururu wa majina matupu: chuja, geuza, jumlisha. Msomaji hana pa kushika ila majina hayo, na jina halimfai kitu asipojua limetoka wapi. Jina "filter" limo katika moduli ya msingi, ambayo Haskell huileta bila kuombwa, nalo huchuja orodha. Limo pia katika Data.Map, ambako huchuja jedwali la funguo na thamani. Ukiziacha zote mbili wazi, kisha ukalitumia jina hilo, kompaila hukataa, kwa kuwa haijui umekusudia lipi. Heri kompaila inayokataa. Msomaji binadamu hukisia.

Ndiyo sababu waandishi wengi wa Haskell wamejiwekea desturi. Jina la aina, kama Map, na alama za utendaji huletwa kwa kutajwa moja moja. Fanksheni nyingine huletwa pamoja na jina la ukoo, zikaandikwa Map.filter. Walimu wenzangu watanielewa: darasani wakiwapo akina Juma wawili, kila mmoja huitwa pamoja na jina la baba yake. Alama husamehewa ukoo kwa kuwa Map.! huumiza macho. Nisichokipenda ni lakabu za herufi moja. M ni nini? Aliyeandika anajua leo. Mwakani atapanda juu ya ukurasa kutazama, kama mgeni.

Turudi kwenye istilahi. "Ingiza" ni la data, na libaki huko. "Agiza" limezoeleka katika biashara kwa bidhaa za kutoka nje, lakini aliyeagizwa huenda asilete, tena "agizo" linakaribiana mno na amri, na amri zimejaa tele katika programu. "Leta" ni neno dogo, la nyumbani, wala halina fahari ya kiofisi. Ila kitu kikiletwa, swali la kwanza ni kimetoka wapi. Hata mzigo unaofika stesheni ya Mpanda kwa reli ya kutoka Kaliua huulizwa hati ya ulikotoka. Kwa jina fupi la moduli napendekeza "lakabu", ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani. "Jina la ukoo" ni refu, na watafsiri watalilalamikia kwa haki. Nimejaribu "jina tambulishi". Wanafunzi walicheka, nami sikuweza kulitetea.