Saiba Inayofuta Kila Kitu na Skripti Zinazoanza Upya

Juni inapokaribia tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, saiba za Thika na Ruiru hufurika. Mteja anaketi, anaingiza nenosiri, ukurasa unafunguka nusu kisha unaganda. Mhudumu anaikodolea macho ruta. Aliye jirani anasema Wi-Fi imelala. Mara nyingi ruta inasingiziwa bure. Data imeshafika; kinachosuasua ni prosesa ya kompyuta, ambayo bado inahangaika na skripti za JavaScript.

Kulithibitisha hilo ni rahisi. Ukiwa ndani ya Chrome kwenye Windows, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea jedwali linaloonyesha kila kichupo na kila kiendelezi, pamoja na RAM na nguvu ya prosesa kinayotumia. Safu ya CPU ikipanda na kubaki juu huku safu ya mtandao ikisoma sifuri, acha kumpigia simu mwenye intaneti.

Sasa tuje kwenye mipangilio, na nianze na ule ambao saiba nyingi huuharibu kwa nia njema. V8, injini inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome, hupokea skripti ikiwa maandishi tu, na kabla ya kuiendesha ni lazima iisome na kuigeuza kuwa maagizo inayoweza kuyatekeleza. Kwenye kompyuta ya ex-UK yenye RAM ya GB 4, kazi hiyo huonekana kwa macho. Ndiyo maana wahandisi wa Chrome wakabuni akiba ya maagizo hayo. Mara ya kwanza skripti inashushwa na kugeuzwa. Ikihitajika tena ndani ya saa 72, maagizo yaliyokwisha kugeuzwa yanahifadhiwa kando ya faili yake. Kuanzia mara ya tatu V8 huyachukua yakiwa tayari, mradi mwenye tovuti hajaibadilisha skripti yenyewe.

Kwa hesabu hiyo, kwenye kompyuta moja ya saiba mteja wa tatu wa asubuhi anayefungua tovuti ileile angepaswa kuhudumiwa haraka kuliko wa kwanza. Hapati nafuu hiyo iwapo mhudumu anafuta kila kitu kila mteja anapoondoka, au anawafungulia wote katika hali fiche, ambayo hutupa akiba yake dirisha linapofungwa. Ni kukanda unga upya kwa kila chapati.

Simlaumu mhudumu, kwa maana kuacha akaunti ya mtu wazi ni hatari kubwa kuliko kuchelewa. Lakini dirisha la kufuta data lina visanduku tofauti. Vidakuzi, historia na manenosiri vifutwe kila mteja anapoinuka, bila mjadala. Kisanduku cha picha na faili zilizo kwenye akiba kinaweza kusubiri hadi jioni. Hata hivyo, picha za kurasa zilizofunguliwa zinaweza kubaki humo mchana kutwa, kwa hiyo mteja aliyefungua matokeo ya hospitali au hati ya siri anastahili kufutiwa yote papo hapo.

Jambo la pili hujitokeza wakati wa malipo. Mteja hana salio la kutosha, anatoka kwenda kwa wakala wa M-Pesa kuweka pesa, na mhudumu anahamia kichupo kingine. Tangu toleo la 88 la Chrome, la Januari 2021, ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika 5 na usiotoa sauti unaweza kuzuiwa kuamsha vipima muda vyake zaidi ya mara moja kwa dakika. Kwa hiyo pesa zinakatwa, ujumbe unaingia kwenye simu, na ukurasa bado unasema unasubiri. Usimwambie mteja alipe tena! Rudisha kichupo mbele kwanza, ukipe nafasi kiulize seva. Tovuti za malipo pia ziorodheshwe kwenye mipangilio ya Chrome, chini ya Performance, miongoni mwa zile zisizolazwa ili kuokoa RAM. Kichupo kilicholazwa hupakiwa upya kikifunguliwa.

Viendelezi sina mengi ya kuvisemea: ondoa kila ambacho hujui nani alikiweka. Uharakishaji wa maunzi hauendeshi JavaScript, kazi yake ni kuchora ukurasa. Kwenye kadi za picha za zamani jaribu ukiwa umewashwa, kisha umezimwa, na ubaki na hali iliyo nyepesi.

Kuna pia swichi ya kuzima viboreshaji vya V8, vinavyoharakisha skripti inayorudiwarudiwa. Haikuwekwa kwa mzaha: Microsoft ilipoeleza mwaka 2021 jaribio lake la kuzima sehemu hiyo katika kivinjari chake cha Edge, ilisema karibu asilimia 45 ya kasoro za usalama za V8 zilizoorodheshwa tangu 2019 zilitokana na sehemu hiyo. Kwa saiba yenye kivinjari kilichosasishwa, ningeviacha vikiwa vimewashwa.

Neno lenyewe ni hilo, kusasishwa. Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 baada ya toleo la 109 la Januari 2023. Mwenye saiba ambaye bado anaitumia asipoteze muda na swichi hizi. Abadilishe mfumo kwanza, maana watu wanaingiza nywila za benki humo.