Solo Ile Ile

Mwaka huu nimehudhuria harusi tatu, mbili Ngong na moja Kikuyu, na kwa zote tatu saksafoni ilipiga solo moja. Simaanishi wimbo mmoja. Nyimbo zilikuwa tofauti, wapigaji tofauti, hata bei zao nasikia zinatofautiana. Lakini bi harusi akianza tu kutembea, ile sauti laini inapanda polepole, inashikilia noti ya juu hadi watu watoe simu, inatetemeka kidogo, halafu inateremka mbio kama mtoto kwenye slaidi. Kenny G alitoa "Songbird" mwaka wa 1986, kabla mimi na hao wapigaji kuzaliwa, na bado ndiye anayefungisha ndoa zetu.

Nacheka nikiwa mmoja wao. Solo hiyo naijua kwa vidole, na imenilipia kodi zaidi ya mara moja. Swali linalonisumbua ni hili: kizazi chetu kina walimu wa saksafoni wengi kuliko kizazi chochote kilichowahi kuishi Nairobi, wote ndani ya simu, wengi bure. Mbona basi tunasikika kama mtu mmoja?

Zamani mpuliza ala Kenya alitoka mahali panapojulikana. Kama si bendi ya polisi au ya jeshi, basi ni Jeshi la Wokovu. Wengine walikuja na bendi kutoka Kongo na Tanzania. Leo ukiuliza kijana wa rika langu huku Kabiria alifunzwa na nani, atakutajia mtu wa kanisa aliyemwonyesha vidole, halafu atatoa simu. Na sitakubali mtu adharau hiyo simu. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na karibu kila kitu ninachojua kuhusu muziki nimekipata usiku, bando ikiwa ya bei rahisi, nikiwa nimefunika mdomo wa saksafoni kwa soksi ndio ploti ilale.

Masomo hayo ukiyatazama kwa wingi, yanaanza kufanana kama filamu za mapenzi. Kuna chumba chenye taa nzuri, saksafoni mbili tatu ukutani, na mwalimu mchangamfu anayeanza kwa kupiga solo mbaya makusudi. Hiyo ni wewe, anasema. Kisha anapiga nzuri. Tofauti kati ya hizo mbili, anasema, ni siri moja tu: skeli fulani, noti fulani ya kupitia, kipande fulani cha kukariri katika funguo zote kumi na mbili. Mwishoni kuna karatasi ya kupakua na kozi ya kulipia. Wazo lenyewe si geni. Jamey Aebersold wa Marekani alianza kuuza rekodi zake za mazoezi mwaka wa 1967, bendi inapiga na nafasi ya solo inaachwa wazi kwa ajili yako. Siku hizi programu kama iReal Pro inakupa bendi nzima mfukoni, kwa kasi unayotaka, ufunguo unaotaka.

Nimefaidika, tena sana. Kabla ya masomo hayo sikujua kwamba kodi (ile ya muziki, si ile ya mwenye ploti) zina tabia ya kusafiri: ya pili inavuta ya tano, ya tano inarudi nyumbani kwa ya kwanza. Jazi ya Marekani imejaa safari hiyo, na masomo ya mtandaoni yamejengwa juu yake. Kufanya solo "ivutie" huko maana yake ni kupamba safari: kuweka noti chungu kwenye ya tano, kuzungukia noti kabla ya kuigusa, kukawiza kufika. Niliyakariri kwa mwaka mzima. Nilikuwa mkali, kwa chumba changu.

Halafu nikaitwa kujazia nafasi kwa bendi ya rumba, baa moja ya hapa Naivasha Road, Jumamosi usiku. Watu wazima, nyimbo za zamani. Zamu yangu ilipofika nilimwaga kila kitu. Noti chungu, vipande vya kukariri, mbio za juu na chini. Mpiga besi aliangalia dari. Waliokuwa wakicheza wakarudi kwa meza, si kwa hasira, walikumbuka tu kwamba wana bia. Tulipopumzika, mzee wa gita akaniuliza kwa upole, "Kijana, kwani ulikuwa unaongea na nani?" Sikuitwa tena, na ile pesa ya wikendi nilikuwa nimeshaipigia hesabu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba swali lake lilikuwa la kiufundi kabisa. Kwenye sebene kodi ni chache na zinazunguka bila kusafiri popote. Ya tano ipo, lakini si ya kupamba kwa uchungu. Ukiipamba hivyo unasikika kama mtu anayelia kwenye birthday. Hakuna pia mistari thelathini na miwili ya kukuambia umalize. Solo inaisha gita likikukatiza, au mwimbaji akirudi, au sakafu ikipoa. Kinachobaki kuvutia ni mambo ambayo video hugusa kwa sekunde chache: unaingia wapi kwenye pigo, sauti yako ina rangi gani, unarudia kitu mara ngapi kabla ya kukibadilisha, na unamjibu nani.

Nenda ukamsikilize Verckys. Kiamuangana Mateta alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka wa 1963, akatoka mwaka wa 1969 kuunda Orchestre Vévé, akafariki Oktoba 2022. Kwa viwango vya darasa la mtandaoni Verckys ni mwanafunzi wa kati. Noti zake ni chache na sauti ina mikwaruzo, kama mtu aliyepiga kelele mechi nzima. Lakini anachukua kifungu kidogo, anakigonga mara nne, na mara ya tano anakisogeza nyuma ya pigo kwa nukta ndogo tu, na mwili wako unajua kabla ya kichwa. Ni mtu huyohuyo aliyetunga "Nakomitunaka" mwaka wa 1972, wimbo unaouliza kwa nini watakatifu kwenye picha za kanisa wote ni weupe, na kanisa likakasirika. Huwa nafikiria hilo Jumapili nikiwa madhabahuni nikipiga Kenny G.

Au chukua DDC Mlimani Park ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka wa 1978. Wimbo unaanza kwa utaratibu, hadithi inasimuliwa, kisha unaingia kwenye chemko na hapo tarumbeta na saksafoni zinashika kazi. Ukingoja solo ya mtu mmoja akijionyesha utangoja sana. Zinapiga kifungu pamoja, magita yanajibu, zinarudia. Mwanzoni nilidhani huo ni uvivu. Sasa nadhani ndio ugumu wenyewe, maana ukirudia kitu kibovu mara nane hakuna pa kujificha.

Najua hapa ni rahisi kuteleza na kusema Wamarekani wana noti, sisi tuna mdundo. Huo ni upuzi, na Sonny Rollins ndiye shahidi. Mwaka wa 1956 alirekodi albamu ya Saxophone Colossus. Ndani yake kuna "St. Thomas", yenye asili ya visiwa vya Karibi, na solo inaanza kwa noti mbili tu anazozichezea kama funguo za gari. Miaka miwili baadaye Gunther Schuller aliandika makala maarufu kuhusu "Blue 7" ya albamu hiyohiyo, akionyesha jinsi Rollins anavyotoa solo nzima kutoka kwa wazo moja dogo la mwanzoni. Kwa hivyo jazi yenyewe inajua siri ya mzee wa gita. Ni darasa la video linaloishi kwa kukupa kitu kipya kila Jumanne. Kukuambia urudi kwa kile cha Jumanne iliyopita si biashara.

Kuna walimu wanaoijaribu, nikiri. Zoezi bora nililowahi kukutana nalo mtandaoni ni la kunyimwa: chagua noti tatu, piga nazo dakika tano, usiongeze. Dakika ya pili unaona aibu. Dakika ya tatu umechoka na noti, basi unaanza kubadilisha kila kitu kingine: urefu, nguvu, kimya. Lakini hata hapo bendi ya programu haikusaidii. Haichoki, haikasiriki, haikuachii nafasi wala haikunyimi. Ukipiga ujinga inaendelea kukupigia kodi kwa heshima ileile. Unaweza kufanya nayo mazoezi miaka mitano bila kugundua kwamba huwa husikilizi, na nadhani ndivyo tulivyofika kwa zile harusi tatu. Kila mmoja wetu amejifunza peke yake, na bendi isiyomjibu, solo isiyomhitaji mtu mwingine.

Sijafuta masomo kwa simu. Nimebadilisha tu ninachofanya nayo. Nachukua solo ya Verckys, napunguza kasi hadi nusu, naiimba kwanza kwa mdomo bila ala, ndio nijue ninaijua au vidole tu ndivyo vinavyoijua. Kuimba ni bure na hakuhitaji soksi. Rollins alipotaka mazoezi ya kelele, kati ya mwaka wa 1959 na 1961, alikuwa akienda kupigia kwenye daraja la Williamsburg, New York, kwa sababu jirani yake alikuwa mjamzito. Mimi sina daraja. Nina ukuta wa mabati, na mama wa chumba cha pili ambaye hulala mapema.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kifungu kimoja siku ya nne mfululizo, noti sita, natafuta ule mchelewo wa mara ya tano. Akagonga mlango. Nikajua ni kelele, nikaanza kuomba msamaha.

"Si kelele," akasema. "Hiyo nimeisikia jana, nikaisikia juzi. Inabaki wapi ingine?"

Nikamwambia hakuna ingine, ndiyo hiyo. Akaniangalia vile mzee wa gita aliniangalia, akarudi kwake. Baadaye nikamsikia akiosha vyombo, na kati ya sufuria mbili alikuwa anaiimba, ila mara ya tano anaiharakisha badala ya kuichelewesha. Bado sijaamua nani kati yetu anakosea.