Hawa si Maadui

Desemba iliyopita niliporudi Ipuli kwa likizo, nilimkuta shangazi ameshajaza flashi. Kijana wa kibanda cha muvi anamjua: kila mwaka humwekea filamu za Krismasi za Kizungu zilizotafsiriwa. Theluji, sweta nyekundu, mwanamke wa mjini mwenye haraka, mwanaume wa kijijini mwenye hasira. Kwetu Krismasi ni mvua na embe zilizodondoka uani, lakini hilo halimsumbui. Anachotafuta humo ni ugomvi.

Usiku ule tulitazama A Castle for Christmas, ya mwaka 2021. Brooke Shields ni mwandishi wa riwaya kutoka Marekani aliyekwenda Uskoti kuona kasri ambalo jamaa za baba yake waliwahi kulitumikia. Cary Elwes ni mwenye kasri, bwana mkubwa aliyelemewa na madeni. Mtafsiri wa nakala yetu alimwita Mwinyi. Mwanamke anataka kununua. Mwinyi, kwa shida, anakubali kuuza, ila waishi humo pamoja kwa muda kabla mauzo hayajakamilika, na nia yake ni kumchosha mpaka aondoke mwenyewe. Unajua wanakoishia. Kila anayetazama anajua, na sioni kosa hapo. Hata ngano za bibi tulizijua mwisho wake.

Kosa naliona kwingine. Ugomvi wa filamu hii una chanzo cha kweli kabisa: mali. Mjukuu wa watumishi anarudi na pesa kununua nyumba ya mabwana. Hiyo ni hadithi nzito, ingeweza kumtoa mtu jasho. Lakini kila inapokaribia kusemwa, wanaletewa mbwa, au farasi, au ngoma, na hasira ya Mwinyi inageuzwa kuwa haya ya mpenzi. Mwishoni swali la nani mwenye nyumba halijajibiwa. Limebusiwa tu.

Katikati ya filamu, Mwinyi alipokuwa anamsimanga mgeni wake kwenye ngazi, shangazi alicheka akasema, "Hawa si maadui mwanangu. Hawa watani."

Nilidhani ni neno la kupita. Baadaye nikaona ameniandikia nusu ya makala hii.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Ukiuliza utani ulitoka wapi, utapewa majibu mawili: vita vya zamani vilivyokwisha kwa mapatano, au misafara. La kwetu na Wazaramo ni la misafara. Mpagazi aliyetoka Tabora na mzigo wa pembe alitembea miezi kufika Bagamoyo, akidaiwa hongo njiani, na hatua za mwisho zilikuwa nchi ya Wazaramo. Akiugua huko, au akifa, alihitaji mtu asiye ndugu yake amsitiri. Mtu huyo alipata malipo yake kwa njia ya ajabu: haki ya kukutukana maisha yako yote, na watoto wako wawatukane watoto wake.

Wasomi waliliona jambo hili mapema. Radcliffe-Brown aliandika juu yake mwaka 1940, na Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, akaandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944. Napenda kwamba ilikuwa kazi ya mtu wa ndege. Wote waliona uadui na urafiki vimekaa chungu kimoja. Filamu za Krismasi zinataka kimoja kimfukuze mwenzake.

Mume wa shangazi alipofariki, jirani yetu Mzaramo, fundi baiskeli, aliingia kaburini kabla ya maiti akalala chali. Akasema marehemu alikuwa bahili, amemwachia deni, hatoki mpaka alipwe. Waombolezaji waliokuwa wanalia wakacheka kwa aibu. Shangazi, macho yamevimba, alimtupia elfu mbili na tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Akatoka, akashika jembe, na hakuliacha mpaka udongo ulipojaa.

Tusi lile lilikuwa na ruhusa. Lilisemwa mbele za watu, na pande zote zilikuwa na haki ya kujibu. Mwinyi wa kwenye filamu hana ruhusa ya mtu. Ana ukali tu, na mwanamke anaachiwa kazi ya kubahatisha kama chini yake kuna upendo. Nina rafiki zangu chuoni waliobahatisha hivyo kwa wanaume wa kweli, na hakukuwa na kitu chini. Ndiyo maana siwezi kuzicheka filamu hizi kama burudani ya watu wasiojua, jinsi baadhi ya wanafunzi wenzangu wanavyofanya.

Na hapa nimpe mtafsiri haki yake. Kwa Kiingereza mwanamke yule mara nyingi hukunja uso tu. Katika nakala ya shangazi anajibu; hakuna simango la Mwinyi lililopita bila kurudishiwa, na baadhi ya majibu hayakuwahi kuandikwa na mtunzi yeyote wa Marekani. Nilikuwa nawaona watafsiri hawa, wa ukoo wa Lufufu na DJ Mack, kama waharibifu wa filamu. Usiku ule nilisikia mtu anayemrudishia mhusika mdomo wake.

Walipoanza kubusiana, shangazi alichukua rimoti akairudisha filamu kwenye ngazi. Nikamwambia tumekaribia mwisho. Akasema mwisho anaujua, nimwache asikie yule dada anavyomjibu.