Saa Sita na Robo, Mjini Helena

Tarehe 21 Novemba 1941, saa sita na robo mchana, wanamuziki wawili Weusi walisimama mbele ya kipaza sauti katika mji mdogo wa Helena, jimbo la Arkansas, kando ya Mto Mississippi. Walipiga blues kwa robo saa, wakausifu unga wa ngano uitwao King Biscuit, wakaaga. Redio iliyowarusha hewani, KFFA, ilikuwa na siku mbili tu tangu iwashe mitambo. Mmoja wao alikuwa Rice Miller, mpuliza harmonika aliyejiita Sonny Boy Williamson, ingawa kulikuwa na mwanamuziki mwingine mashuhuri huko Chicago aliyelitangulia jina hilo. Mwenzake, Robert Lockwood Jr., alikuwa amefundishwa gitaa na Robert Johnson, ambaye alikuwa akiishi na mama wa Lockwood. Kipindi chao kilichukua jina la unga: King Biscuit Time.

Mimi huvutiwa na redio ndogo kama hii kuliko zile za miji mikubwa, kwa sababu ndani yake ufundi wa utangazaji hauna pa kujificha. Redio ya masafa ya kati katika mji mdogo ina mnara wake, wafanyakazi wachache, na msikilizaji ambaye mtangazaji atakutana naye jioni dukani. Akisema uongo mchana, ataulizwa kabla jua halijatua. Akichelewa dakika tatu, mji mzima utajua. Kazi ya namna hiyo humfunza mtu adabu ambayo hakuna darasa linaloweza kuitoa.

Lakini hebu tuone kwanza kipindi chenyewe kilipatikanaje. Sonny Boy na Lockwood walikuwa wakipiga muziki barabarani na kwenye kumbi za dansi vijijini, nao walitaka njia ya kuwaambia watu watapiga wapi usiku. Walipofika kwa Sam Anderson, mmoja wa wenye redio, alielewa shida yao, lakini redio ya biashara huishi kwa kuuza muda, kwa hiyo ilibidi apatikane mdhamini. Akawaelekeza kwa Max Moore, mwenye kampuni ya jumla ya vyakula iliyosambaza unga wa King Biscuit. Moore aliona jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa Kizungu wa Kusini hawakutaka kuliona: Weusi wa Delta, waliokuwa wengi kuliko Wazungu katika mashamba ya pamba ya bonde hilo la Mto Mississippi, nao hununua unga. Wakapatana. Wanamuziki watausifu unga, na kwa malipo yao wataruhusiwa kutaja hewani ukumbi watakaopiga usiku huo. Pesa ya kweli ilikuwa huko kwenye dansi.

Sitaki kuyapamba mapatano hayo. Nje ya studio, mtu Mweusi hakuweza kuketi meza moja na Mzungu, wala kupiga kura bila kuhatarisha riziki yake, na kipaza sauti hakikubadilisha sheria hata moja. Faida kubwa ilikwenda kwa mwenye unga. Hata hivyo, kila siku ya kazi, kwa robo saa, sauti ambazo hakuna kituo kingine katika eneo lile kilichokubali kuzirusha ziliingia katika nyumba za watu waliozijua kama wanavyojua sauti za ndugu zao. Si jambo dogo. Naamini waliokuwa wakisikiliza walilipima vizuri kuliko tunavyoweza kulipima sisi.

Saa yenyewe ilichaguliwa kwa akili. Saa sita na robo ndiyo saa ambayo vibarua wa pamba walikuwa wamekwisha kutoka mashambani kwenda kula. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, lakini redio ya betri ilipatikana, na majirani walikusanyika kwa yule aliyekuwa nayo. Tena mchana ni rafiki wa redio ndogo kwa sababu nyingine, iliyo juu mawinguni na kupita mawingu. Usiku, mawimbi ya masafa ya kati huruka hadi tabaka la juu la anga na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbali, hivyo vituo vya mbali huja kugombana na kile cha karibu, na kituo kidogo humezwa. Jua likiwa utosini, tabaka la chini yake huyanyonya mawimbi hayo yanayopanda, yakabaki yale tu yanayotambaa juu ya ardhi. Ardhi tambarare yenye unyevu huyabeba mawimbi hayo vizuri kuliko miamba mikavu, na Delta ni tambarare hadi macho yachoke. Basi kwa robo saa ya adhuhuri, kituo kidogo cha Helena kilikuwa na anga lake chenyewe. Mto nao haukuyazuia mawimbi. Daraja la kuvuka mto hapo Helena halikujengwa mpaka mwaka 1961, watu walivuka kwa kivuko. Sonny Boy alifika upande wa jimbo la Mississippi kila mchana bila kulowa.

Robo saa ni muda wa ukatili. Ndani yake kuna salamu, wimbo, tangazo, wimbo, tangazo tena, na kuaga, yote moja kwa moja, bila kurekodi, bila nafasi ya kurudia. Wimbo uliozoea kuchezwa dakika kumi kwenye dansi hubanwa ukabaki tatu bila kupoteza uti wake wa mgongo. Zama zile kusawazisha sauti ilikuwa kazi ya miguu: mpiga gitaa husogea, mpuliza harmonika hurudi nyuma nusu hatua, mpiga ngoma hujizuia. Baada ya muda kundi liliongezeka, akaja James Peck Curtis kwenye ngoma, na Dudlow Taylor kwenye piano. Juu ya wote alikuwepo mtangazaji, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye kidole cha mwanamuziki anayetaka kuanza kabla ya wakati. Sanaa yake ni kuufanya muda uliofungwa uonekane mpana, na akiifanya sawasawa hakuna anayeitambua.

Mtangazaji huyo, kwa sehemu kubwa ya historia ya kipindi, alikuwa Sonny Payne. Alizaliwa mwaka 1925 na akaingia KFFA akiwa kijana, mwaka ule ule ilipofunguliwa, akifanya kazi ndogondogo. Akaenda jeshini wakati wa vita, akazunguka na bendi akipiga besi, na mwaka 1951 akarudi Helena na kukishika kipindi. Hakukiachia mpaka alipofariki Februari 2018, akiwa na miaka 92. Kufikia hapo King Biscuit Time kilikuwa kimerushwa zaidi ya mara 17,000. Kila mchana alifungua kwa mwito uleule, akiwataka walio mezani wapitishe mikate. Kuna watu watakaosema kurudia maneno yale kwa zaidi ya miaka sitini ni uvivu. Mimi nasema ni kinyume chake. Kibarua aliyechoka hataki mtangazaji mbunifu saa sita na robo. Anataka kujua kwamba saa ni sita na robo kweli, na kwamba sauti ile ile ipo.

Mwezi Mei 1965 uhai wa ufundi huo ulipimwa. Sonny Boy alikuwa amerudi kutoka Ulaya, ambako vijana wa Uingereza walimpokea kama mfalme na kurekodi naye, akarejea kwenye kituo kile kile kidogo na kuusifu unga tena. Kila aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba amerudi nyumbani. Siku moja saa sita na robo ikafika bila yeye. Peck Curtis alitoka studio kwenda kumtazama katika nyumba ya wapangaji alikokuwa akiishi, akidhani amelala, akamkuta amefariki kitandani. Payne alikuwa hewani wakati huo, akiendesha kipindi. Mara nyingi namfikiria yeye katika dakika zile: hajui bado, anaona nafasi tupu mbele ya kipaza sauti, na bado lazima aseme neno linalofuata kwa sauti ya kawaida.

Orodha ya waliolelewa na redio ile ni ndefu. B.B. King alikisikiliza kipindi wakati wa mapumziko ya mchana akiwa kibarua wa shamba. Baadaye alimfuata Sonny Boy West Memphis kuomba nafasi kwenye kipindi chake cha huko, na muda si mrefu akapata kipindi chake mwenyewe kwenye redio ya WDIA, Memphis. Levon Helm, mtoto wa Kizungu wa wakulima wa pamba wa jirani, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga ngoma wa kundi la The Band, alikuwa akienda Helena kumtazama Peck Curtis akifanya kazi. Biashara nayo ilishamiri: Moore akaanza kuuza pia unga wa mahindi, Sonny Boy Corn Meal, wenye picha ya mwanamuziki juu ya mfuko. Sijui mtu mwingine Mweusi katika Delta ya wakati ule ambaye sura yake ilikaa kwa heshima katika jikoni nyingi kiasi hicho.

Matangazo mengi ya miaka ya 1940 hayakurekodiwa. Yalipigwa, yakasikika, yakaisha. Bahati njema, wiki chache kabla ya kifo cha Sonny Boy, Chris Strachwitz, mwenye lebo ya Arhoolie ya California, alifika Helena na mashine yake ya kurekodi akanasa kipindi kizima cha KFFA, na rekodi hiyo ilitolewa baadaye. Anayetaka kujifunza utangazaji na aitafute. Asisikilize harmonika peke yake, ingawa ni vigumu kuiacha. Asikilize wimbo unavyokatwa pale pale panapostahili, Payne anavyoingia na unga wake bila kuukanyaga mdundo, na jinsi Sonny Boy, mgonjwa na mwenye sifa kutoka ng'ambo, anavyowataja wasikilizaji wa vijiji vya jirani na mahali atakapopiga usiku.