Ngeli na Utata katika Kufasiri Maelezo ya Programu kuwa Masharti

Jdoctor, zana iliyowasilishwa mwaka 2018 na Arianna Blasi na wenzake, husoma maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa ndani ya programu za Java na kuyafasiri kuwa masharti yanayopimwa na kompyuta yenyewe. Maelezo yasemayo kwamba idadi isiwe hasi hugeuka kuwa idadi >= 0. Watafiti hao waliripoti usahihi wa asilimia 92. Hata hivyo, mafanikio hayo yamejengwa juu ya uchanganuzi wa sarufi ya Kiingereza. Katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, Kiswahili ni somo la shahada ilhali taaluma za kompyuta hufundishwa kwa Kiingereza. Ni mahali panapofaa kuuliza kama sarufi ya Kiswahili ingeimudu kazi hiyo.

Jibu lililozoeleka, kwamba istilahi hazitoshi, halifiki kwenye kiini. Katika maelezo “Hugawa namba kwa kigawanyo, kikiwa sifuri, hukataa”, kipatanishi ki- kinamtaja kigawanyo bila shaka yoyote. Kiwakilishi kimoja cha Kiingereza kinachosimamia vitu vyote visivyo na uhai hakiwezi kufanya hivyo. Hapa Kiswahili kimeizidi lugha ambayo zana ilitengenezewa.

Lakini liandikwe “Hugawa namba kwa thamani, ikiwa sifuri, hukataa.” Nomino zote mbili ni za ngeli ya N. Isitoshe, ikiwa yenyewe yaweza kuwa kitenzi chenye kipatanishi au kiunganishi tu. Msomaji hukumbuka hesabu za shule ya msingi. Mashine haina kumbukumbu hiyo. Ikiichagua namba, kugawa sifuri kwa tano, jambo halali kabisa, kutahesabiwa kosa, na kosa halisi litapita.

Mijadala ya istilahi aghalabu huuliza kama neno linaeleweka na kama linakubalika. Ni nadra kuuliza litaingia ngeli gani, ilhali mikopo kama data, programu na seva hurundikana katika ngeli ileile moja. (Kuyahamishia yote KI-VI kungeurudisha utata kwa mlango mwingine.)

Ukanushi ni mgumu zaidi. “Vipengele vyote visiwe hasi” hukataza kipengele chochote hasi, au hukataza tu vyote kuwa hasi kwa pamoja? Hapo ngeli haina msaada. Mwandishi hana budi kuandika “pasiwe na kipengele hata kimoja kilicho hasi”.