Chupa ya soda si flaski

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Babati. Mdogo wangu, mtoto wa mjomba, yuko kidato cha pili. Akanionyesha daftari lake la kemia. Chini ya kichwa "Zana mbadala" ameandika: badala ya flaski ya kuchemshia, tumia chupa ya soda ya kioo. Nikamuuliza kama walishajaribu. Akacheka: "Ilipasuka, kaka." Maji ya moto yalimwagika mezani, bahati tu hakuna aliyeungua.

Sina ugomvi na zana mbadala. Shule nyingi zinaendeshwa hivyo, na mwalimu anayepima ujazo kwa bomba la sindano, au kupima asidi kwa maji ya rosela, anastahili pongezi. Ila ushauri huu umeiga umbo na kusahau kazi.

Hebu fikiria. Moto unapasha kitako cha chupa kwa nje. Kioo hakipitishi joto haraka, kwa hiyo nje kunatanuka wakati ndani bado ni baridi. Pande hizo mbili zinavutana mpaka kioo kinaachia. Chupa ya soda imefanywa nene ili ihimili msukumo wa gesi, na unene huohuo ndio unaoiponza kwenye moto.

Flaski yenyewe ni nyembamba, na ile ya mviringo haina kona ambapo mvutano ungejikusanya. Zaidi ya hapo, ni kioo kingine kabisa, kilichochanganywa na oksidi ya boroni, kazi aliyoianza Mjerumani Otto Schott miaka ya 1880. Joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, kioo cha chupa hurefuka takriban sehemu 9 katika milioni. Kioo cha flaski hurefuka kama sehemu 3 tu. Ukiona maandishi "Boro 3.3" kwenye flaski, ndiyo maana yake.

Sasa shule isiyo na flaski ifanye nini? Kwa maji matupu, tumia sufuria. Usiweke humo asidi wala kostiki soda: zinakula alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Na lile jaribio la kutoa rangi ya jani kwa spiriti? Chemsha maji kwenye sufuria, zima moto kabisa, kisha tumbukiza testi tyubu yenye spiriti na jani. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi. Hapa Babati tuko juu, maji yanachemka kabla ya kufika 100, lakini joto hilo bado linatosha.

Chupa ya soda nayo ina kazi yake: itunzie maji ya chokaa, uifunge vizuri. Mdogo wangu ameshafuta ule mstari. Kama na wewe unao kwenye daftari lako, ufute, halafu mwonyeshe mwalimu wako kwa heshima sababu yake.